Njia ya Kwanza: John Akii-Bua, Jirani Yetu wa Ng'ambo

Ukiwauliza vijana wa hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, Malaba na Busia, wakutajie bingwa wa Uganda, watakutajia Joshua Cheptegei kabla hujamaliza swali. Leo namleta aliyefungua njia hiyo miaka mingi kabla Cheptegei hajazaliwa: John Akii-Bua, askari polisi aliyeipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mjini Munich, tarehe 2 Septemba 1972, katika mbio za mita 400 kuruka viunzi.

Nimemchagua kwa sababu tukisifu kujiamini kwa bingwa, huwa tunasifu kifua mbele na maneno makubwa. Akii-Bua aliogopa. Usiku wa kuamkia fainali usingizi ulimkataa, kwa kuwa kura ilikuwa imempa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kesho yake akakimbia kwa namna ambayo binadamu yeyote hakuwahi kukimbia mbio hizo. Nataka tukae hapo, kati ya usiku ule na siku iliyofuata, tuone kujiamini kwake kulitoka wapi.

Alizaliwa Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto 43. Baba alipofariki, kijana aliacha shule mapema, akachunga ng'ombe, akafanya kazi kwenye baa ya kaka yake, kisha akajiunga na polisi. Ni polisi waliomwingiza kwenye riadha, na hapo ndipo alipokutana na Malcolm Arnold, kocha Mwingereza aliyekuwa ameajiriwa kuinoa timu ya Uganda. Mwanzoni aliruka viunzi vya mita 110. Arnold akamhamishia kwenye mita 400.

Mwaka 1970 walikwenda Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola. John Sherwood wa Uingereza alishinda. Wa pili alikuwa William Koskei, aliyekuwa akiiwakilisha Uganda wakati ule, na baadaye akawa mkimbiaji wa Kenya. Wa tatu, Charles Yego wa Kenya. Wa nne, Akii-Bua. Sisi watu wa mpakani tuisikie vizuri hiyo: mmoja aliyemtangulia alikuwa mwenzake wa timu moja, mwingine alikuwa Mkenya, na yeye aliondoka bila nishani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Akii-Bua alikubali, akarudi Kampala kufanya kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa nzito mno. Alikimbia akiwa amevaa fulana ya uzito wa kilo kama 11. Viunzi vya mazoezi viliwekwa juu kuliko vile vya mashindano. Vya mashindano ni sentimita 91. Yeye alizoea kuruka vya mita moja na zaidi, vya wale wa mita 110, na kwa umbali mrefu kuliko mita 400. Alipanda vilima. Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Mwili uliokwisha kuruka kiunzi kirefu ukiwa na mzigo mgongoni haushtuki ukikutana na kifupi bila mzigo. Woga wa usiku ni wa kichwa. Asubuhi miguu ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe.

Kuna jambo lingine, na naomba walimu wa michezo mnisikilize. Mbio hizi zina viunzi kumi, na kati ya kimoja na kingine kuna mita 35. Mkimbiaji akipiga hatua 13 katikati, mguu ule ule ndio unaotangulia kuruka kila mara. Akichoka, hatua zinafupika, na wengi wa enzi zile walilazimika kwenda hadi 15 ili warudi kwenye mguu wao. Bingwa wa 1968, David Hemery wa Uingereza, alikimbia hivyo. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, kwa hiyo akichoka hatua 14 zilimtosha. Hakuvunja mwendo. Kwenye njia ya kwanza, ambako kona ni kali kuliko zote, uwezo huo ni mali.

Basi siku ya fainali Hemery alitoka kwa kasi kubwa, kuliko ile iliyomletea dhahabu Mexico. Alikuwa na rekodi ya dunia, sekunde 48.12, na jina lake ndilo lililokuwa midomoni mwa watu wote. Ralph Mann wa Marekani naye alikuwa uwanjani. Akii-Bua alikuwa ndani kule, anawaona wote mbele yake kwa jinsi mistari ya kuanzia inavyopishana. Alitulia. Walipotoka kwenye kona ya mwisho na kuingia mnyoosho, alikuwa amekwisha kumfikia Hemery, akampita, na pengo likazidi kupanuka hadi mwisho. Sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48. Mann alipata 48.51, Hemery 48.52. Mwafrika mweusi hakuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio fupi kuliko mita 800. Huyu alikuwa wa kwanza.

Kisha akafanya jambo linalonifurahisha kila nikiitazama picha yake: hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi visivyokuwepo, huku watu wakimshangilia. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Wengi huishia hapo wanapomsimulia. Mimi naona nusu ya pili ya maisha yake ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa mpakani. Idi Amin, aliyekuwa ametwaa madaraka mwaka 1971, alimpandisha cheo, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Wakati huohuo Walango, watu wake, na Waacholi walikuwa wakiuawa na utawala huohuo. Fikiria mtu anayepewa heshima na mkono unaowaua ndugu zake. Kisha 1976 ikafika, Olimpiki ya Montreal, na nchi nyingi za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, zikasusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Nauheshimu msimamo ule. Lakini huko Montreal kijana wa Marekani aitwaye Edwin Moses ndiye aliyeifuta rekodi ya Akii-Bua, na Akii-Bua hakuwepo kuitetea.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yakaingia, Amin akaanguka Aprili. Wazee wa Busia na Malaba mnaujua mwaka ule kuliko mimi: barabara mbili kuu kutoka Kampala kuja Kenya zinaishia mlangoni kwetu. Akii-Bua naye alikimbilia Kenya na familia yake, akihofia kuhesabiwa mtu wa Amin kwa sababu ya zile heshima alizopewa. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini kwetu. Kampuni ya Puma, iliyokuwa ikimtengenezea viatu vya mbio, ndiyo iliyomtoa na kumpeleka Ujerumani, ikampa kazi.

Na sasa nifikie ninachokithamini kuliko ile dhahabu. Mwaka mmoja baadaye, 1980, akiwa na miaka 30, baada ya vita, baada ya kambi, baada ya kupoteza nyumba, alivaa tena jezi ya Uganda mjini Moscow, akakimbia mita 400 kuruka viunzi. Alifika nusu fainali, akatolewa. Vitabu vya rekodi vinaipa mbio hiyo mstari mmoja mwembamba. Mimi naiweka sawa na Munich. Munich alijiamini akiwa na mwili ulioiva, kocha pembeni na nchi nyuma yake. Moscow alijiamini akiwa hana hata kimoja kati ya hivyo kwa ukamilifu, na bado alisimama kwenye mstari mbele ya dunia nzima iliyokuwa ikikumbuka jinsi alivyokuwa.

Alirudi Uganda mwaka 1983, akaendelea na polisi na ukocha. Alifariki Kampala Juni 1997 akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri miaka 40 tangu Munich kupata dhahabu ya pili, na aliyeileta, Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya London 2012, alikuwa akifanya mazoezi upande huu wetu, eneo la Eldoret. Nchi hizi mbili zimelea wanariadha wa kila mmoja tangu siku za Koskei.

Ubora wa ile 47.82 uupime hivi. Miaka 20 baadaye, Barcelona 1992, Kriss Akabusi wa Uingereza alipata shaba kwa muda huohuo kamili. Na mwaka 2015, Beijing, Mkenya Nicholas Bett alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizi kwa 47.79. Bett alikimbia njia ya tisa, ya nje kabisa, ambako huwaoni wenzako hata kidogo. Naye tulimpoteza mapema, katika ajali ya barabarani, Agosti 2018.

Shule zetu za Teso na Samia zina watoto wepesi wa miguu, nasi tunawapeleka wote kwenye mita 5,000 kana kwamba hakuna mbio nyingine. Mwalimu, viunzi vya mazoezi vinaweza kutengenezwa kwa vijiti vya mikaratusi na kamba. Anza na vitano. Mfundishe mtoto kuruka kwa miguu yote miwili kabla hajazoea mmoja.

Simu zetu ziko wazi sasa. Walimu wenye swali juu ya mazoezi hayo wapige, lakini ningependa kuanza na mzee au mama yeyote aliyekuwa hapa Malaba au Busia mwaka 1979, atueleze alichokiona mpakani.