Hotuba ya Mwenyekiti: Kwa Nini Tuliuza Mashua Yetu

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii tukiwa hai. Kikundi kutimiza miaka kumi si mchezo. Vingi vilianza pamoja nasi, vingine vikavunjika hata mzunguko wa kwanza haujaisha. Sisi sanduku letu la makufuli matatu bado lipo, na funguo bado zinashikwa na akina mama watatu wasiolala nyumba moja.

Ndugu mgeni rasmi, tungeweza leo kusoma hesabu za hisa na mikopo tukakaa. Hesabu hizo zimo katika kijitabu hiki, kila mtu atazisoma. Lakini tangu tuuze mashua, kila tunapopita, iwe sokoni Bukoba au njiani Muleba, tunaulizwa swali moja: “Jamani akina mama, mbona mliuza mashua?” Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa kutucheka. Leo tutajibu mara moja, tena mbele ya watu, ili swali hilo lipumzike.

Kwanza tueleze mashua ilikujaje. Mzunguko wetu wa kwanza ulipokwisha, siku ya kugawana ilipofika, tuliamua tusigawane yote. Nusu tuliiacha sandukuni. Tukawa na fedha, lakini tufanyie nini? Mwenye wazo la shamba hakuwepo. Si kwamba hatukupenda shamba. Mwanamke wa Buhaya ndiye anayepalilia kibanja, ndiye anayetandaza nyasi, ndiye anayejua mgomba upi utazaa lini. Lakini kibanja ni cha ukoo. Ukiolewa unakikuta, na mume akifariki unaweza ukaambiwa ukiache. Kati yetu wanachama 28 walikuwepo watano walioambiwa hivyo, na mmoja aliambiwa matanga hayajaanuliwa. Basi ardhi tuliiona kama kitu cha watu wengine.

Ziwani hakuna ukoo. Hayupo shemeji wa kuja kupima mawimbi kwa kamba. Ndiyo maana tulinunua mashua. Tuliipata kwa shilingi 3,800,000, imetumika lakini mbao zake nzima, ina mlingoti na tanga. Mashine hatukuwa na uwezo nayo, na upepo hauuzwi kwa lita. Tukamwajiri nahodha na vijana wawili, tukaanza biashara ya dagaa kutoka Bumbire, Kerebe na Goziba kuja Kemondo. Mwaloni waliiita “mtumbwi wa akina mama”. Wapo waliosema mwanamke akipanda chombo samaki wanakimbia. Tuliwajibu kwamba sisi samaki hatuwavui, tunawanunua.

Sasa, biashara ya dagaa mnaijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa giza. Mwezi ukiwa mweupe wavuvi wanapumzika, na mnunuzi anasubiri. Kusubiri kisiwani kunahitaji chumba, na chumba kambini kina gharama yake, tena kwa mwanamke peke yake kina hatari yake. Tukaona tulale ndani ya mashua. Tulifunga turubai juu ya mlingoti ulioshushwa, tukatandika mikeka juu ya mbao, tukaweka jiko la mkaa ndani ya karai lenye mchanga. Kwa zamu, wanne wanne, tuliishi humo wiki mbili, wakati mwingine tatu. Tulipika humo, tuliugulia humo, na mtoto mmoja wa mwanachama alianza kutembea humo, akishikilia kamba ya tanga.

Na mwenzetu mmoja hakuwa na zamu. Ni yule aliyeondolewa kibanjani kabla ya matanga kuanuliwa. Alikuwa amepanga chumba mjini Bukoba. Halafu likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Wote mnakumbuka siku ile. Nyumba zilianguka, shule zilipasuka, watu walikufa. Mfuko wetu wa jamii uliisha kwa wiki moja. Chumba alichopanga mwenzetu kiliporomoka ukuta wa nyuma, akachukua godoro na sufuria akahamia kwenye mashua. Alisema, “Ardhi imetetemeka, huku kunatikisika kila siku na sijaanguka.” Tukacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mashua ile ikawa nyumba yake kwa miaka mingi. Barua zake zililetwa mwaloni.

Ndugu mgeni rasmi, hatutaki kuisema vibaya mashua ile. Ilisomesha watoto. Iliezeka nyumba za wanachama tisa. Ilitufundisha kujadiliana bei na wanaume bila kutazama chini. Sasa kwa nini tuliiuza?

Sababu ya kwanza ni daftari. Mashua ya mbao ni kama mgonjwa wa muda mrefu. Kila mwaka inavutwa nchi kavu, inakalafatiwa kwa pamba na mafuta, ubao uliooza unatolewa, misumari inabadilishwa. Kuna leseni, kuna ukaguzi, kuna makoti ya kuokolea ambayo ni lazima, na sisi hatukuyaonea uchungu. Lakini mhazini wetu alipopiga hesabu ya mwaka wa mwisho, katika kila shilingi 100 iliyoingia kutokana na mashua, shilingi 70 ilirudi kwenye mashua. Wenye mashine walikuwa wakifika visiwani asubuhi, sisi tunafika jioni tunakuta magunia ya mwisho. Tulidhani mashua inatulisha, kumbe ni sisi tuliokuwa tunailisha.

Sababu ya pili ni usiku mmoja wa mwezi wa nne. Tulikuwa tunatoka Kerebe na magunia 30. Upepo uligeuka ghafla, tanga likachanika kutoka juu mpaka chini. Tulitupa magunia 19 ziwani. Tulichota maji kwa ndoo mpaka alfajiri, mikono ikachubuka, hakuna aliyesema neno. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini asubuhi ile tulipoketi mchangani tulitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini. Sisi wa mkoa huu tunaijua tarehe 21 Mei 1996, siku ya MV Bukoba. Nyumba nyingi huku zina picha ya mtu ukutani kwa sababu ya siku ile. Tena tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilianguka majini karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafa, na waliotangulia kuwaendea abiria ni wavuvi na mitumbwi yao. Ziwa linatoa, ziwa linachukua, na halisomi katiba ya kikundi.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Tulipokuwa tunahangaika na mambo ya usajili chini ya ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tulikutana na dada mmoja msaidizi wa sheria. Tulimwambia kwamba sisi tuko ziwani kwa sababu nchi kavu si yetu. Akatuuliza, “Hamjasikia habari ya Holaria Pastory?” Mae waitu, hatukuwa tumesikia, na ni habari ya hapa hapa kwetu Muleba!

Mama huyo alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akisema kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mpwa. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba Katiba ya nchi inakataza ubaguzi, na kwamba mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Baadaye sheria za ardhi za mwaka 1999 zikasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi. Na katika baraza la ardhi la kijiji, kati ya wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake.

Tulihesabu miaka tukanyamaza. Mama yule alishinda kabla baadhi yetu hatujaolewa. Sisi tulikuwa tunalala majini kwa kukimbia mlango ambao ulishafunguliwa. Ni kweli, sheria kuandikwa ni jambo moja na shemeji kuikubali ni jambo lingine. Lakini hatukuwahi hata kuusukuma.

Basi tukaitisha mkutano. Ulikuwa mkutano mgumu kuliko yote ya miaka kumi. Wapo waliosema tuuze tugawane, kila mtu ajijue. Wapo waliosema tuuze tununue ardhi. Na wapo waliosema tusiuze kabisa. Hata sisi viongozi hatukuwa upande mmoja, na mwenye kuisoma hotuba hii alikuwa kati ya waliokataa. Tulikuwa tumeizoea. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba tuliongea saa mbili nzima kuhusu bei, na hakuna aliyeuliza swali la yule mwenzetu anayeishi humo. Mwishowe alisimama mwenyewe. Alisema, “Mnauza nyumba yangu. Sikatai. Ila nitajieni nitakapolala.” Tuliona aibu. Kura ilipopigwa, 17 walikubali kuuza na kununua ardhi, 11 walikataa. Wanachama watatu waliondoka na hisa zao. Hatukuwalaumu, na leo wawili wao wako hapa wamekaa nasi. Karibuni sana.

Mashua iliuzwa kwa shilingi 3,000,000. Hatukumficha mnunuzi kitu, tulimwonyesha hata ubao wa chini unaovuja. Mkataba uliandikwa, mashahidi wakasaini, majina yakabadilishwa katika usajili. Siku aliyokuja kuichukua, mwenzetu aliifagia ndani kama mtu anayetoka nyumba ya kupanga, akamkabidhi mnunuzi ndoo ya kuchotea maji. Tulisimama mwaloni mpaka tanga likawa dogo kama leso. Tulilia, tusidanganyane.

Shilingi 2,200,000 zilinunua ekari moja na nusu huku Muleba. Si kibanja, ni rweya. Mnajua rweya ilivyo, nyasi tupu na udongo usio na nguvu. Baadhi ya wazee walitucheka. Lakini kila kibanja kilianza kwa samadi na nyasi za kutandaza, na kazi hiyo ilifanywa na mama zetu. Tofauti ni kwamba hiki kina hati ya kimila, na ndani ya hati limeandikwa jina la kikundi. Fedha iliyobaki ilinunua samadi, miche ya kahawa, machipukizi ya migomba yasiyo na mnyauko, na bati za nyumba ndogo. Miti na udongo wa kuta tulijichangia.

Mwenzetu ndiye anayeishi katika nyumba hiyo, na ndiye msimamizi wa shamba. Wiki za mwanzo hakupata usingizi. Alisema kitanda kimesimama mno. Sasa analala. Usiku wa upepo mkali anaamka, anasikiliza, kisha anajigeuza upande wa pili.

Shuleni tulifundishwa methali ya watu wa pwani: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tuliikariri tu ili tufaulu. Leo ndiyo tunaielewa.

Ndugu wanachama, hatutawadanganya kwa kuwa leo ni sikukuu. Gawio la mwaka huu ni dogo kuliko la miaka ya mashua. Kahawa inataka kama miaka mitatu. Migomba tayari inatoa mikungu ya kwanza, lakini tusipokata ua dume na kuunguza panga kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, mnyauko utatumaliza kama ulivyowahi kuwamaliza wengine wilaya hii. Kazi ipo. Anayetaka fedha ya haraka atakumbuka dagaa, na hatumlaumu.

Maombi yetu kwako, ndugu mgeni rasmi, ni mawili. Tunaomba bwana shamba afike rweyani walau mara moja kila msimu. Na tunaomba somo la haki za ardhi lifike katika kila kikundi cha akina mama, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, ili mwingine asikae miaka mingi majini kwa kutojua.

Kwa wanaotuuliza kwa nini tuliuza mashua, jibu letu ni hili: tuliinunua kwa sababu tuliamini hatuna mahali nchi kavu. Tulipojua kwamba tunapo, kazi yake ilikuwa imekwisha. Tunaishukuru, na tunamwombea aliyeinunua upepo mwema.

Baada ya hotuba hii mnakaribishwa chakula. Ndizi ni za shamba letu. Dagaa tumenunua kama watu wengine.

Mungu ibariki Tanzania.