Mtandao ukizimwa, na tumbo linazimwa

Ndugu zangu vijana, mliambiwa mjiajiri. Mmejiajiri! Unapiga picha viatu vya mtumba pale Karume, unavirusha WhatsApp, mteja wa Mbezi anatuma pesa kwa simu, bodaboda anapeleka. Pango la duka hulipi.

Julai 2021 wakubwa wakaleta tozo ya miamala, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Walalahoi wengi wakarudi kwenye noti. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, siku kadhaa. Mauzo yale nani alikufidia? Mimi sijamsikia.

Basi namba za wateja ziandike kwenye daftari, ndugu yangu, uwapigie simu ya kawaida. Na mheshimiwa akipita kijiweni, muulize hasara ile anailipa lini.