Mwamba Uliofungwa

Zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki wa baharini zilizochunguzwa zinavuliwa kupita kiasi, linasema shirika la FAO. Lakini Andavadoaka, Madagaska, wavuvi walianza na hatua ndogo mwaka 2004: walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, pweza wakaachwa wanenepe.

Pweza hukua upesi mno. Siku ya kufungua, maji ya bamvua yakipwa, wanawake hushuka na vyuma vyao, wakichokoa shimo baada ya shimo. Kisiwa Panza, Pemba, nako wameiga.

Kwa chewa hesabu ni nyingine. Yeye huhitaji miaka kabla ya kutaga, na kamati ya kijiji inayofunga mwamba haiwezi kusubiri peke yake huku nyavu za macho madogo, zilizokwisha kupigwa marufuku, zikiendelea kushushwa usiku.