Sangara na watoto wa Mwanza

Msikilizaji, mwaka 2004 mwongozaji wa filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa Darwin's Nightmare, filamu aliyoipiga hapa Mwanza. Ndani yake minofu ya sangara inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Kwetu yanabaki mapanki, vichwa na mifupa inayoanikwa juani kisha ikakaangwa. Watoto wa mitaani wanagombea wali kwa ngumi. Wengine wanayeyusha vifungashio vya plastiki, wanavuta moshi wake, wanalala njiani.

Mwaka 2006 filamu hiyo ilishindania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikemea kwamba inalichafua jina la nchi. Malalamiko hayakukosa msingi: filamu ilidokeza kuwa ndege hizo zilihusika na silaha, lakini haikutuonyesha shehena ya silaha ikishushwa Mwanza. Na sangara, pamoja na yote, aliwapa watu wengi wa kanda hii ajira.

Kosa letu ni kwamba mjadala wa ndege uliumeza mjadala wa watoto. Tulitetea jina la mji, tukamwacha mtoto barazani na njaa yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya chakula, malazi, matibabu na elimu, na inazikabidhi halmashauri jukumu la kulinda ustawi wake. Basi diwani wako akija kuomba kura, muulize: watoto wanaolala nje wametengewa shilingi ngapi?