Hotuba yetu kwa wanafunzi wa Kalemie: Amani inaanzia kwenye kiti cha kalasi

 Asante kwa prefe na walimu waliotufungulia mlango.

Sisi munaotuona hapa tuko na diploma za chuo kikuu, na kazi hatuna. Hatukuja kujionyesha wenye akili. Tumekuja kuungama kitu kimoja.

Wakati tulikuwa kwenye viti kama hivi vyenu, kalasi yetu ilikuwa na kijana mmoja Mutwa. Alikuwa anakaa nyuma, peke yake. Akijibu vizuri, watu wanacheka. Akikosea, wanasema: "Si ni Mutwa tu!" Jina la watu wake tuliligeuza kuwa tusi. Wamoja kati yetu walicheka, wengine tulinyamaza. Siku moja hakurudi. Hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Kisha munajua yaliyofuata. Kuanzia 2013, na tena kwa nguvu 2016 na 2017, Batwa na Baluba waliuana huko Nyunzu, Manono, Kabalo, hata hapa kwetu Kalemie. Vijiji viliungua, masomo yaliungua. Maelfu ya watu walikuja kulala kwenye kambi za Katanika na Kalunga. Vita ile ilikuwa na sababu nyingi: ardhi, kazi ya shamba bila malipo ya haki, na dharau. Dharau hiyo, sisi tulijifunzia kalasini.

Sheria ziko. Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika masomo ya serikali. Tangu 2019 serikali ilianza kutekeleza bure hiyo. Tarehe 15 Julai 2022, rais alitia sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda haki za Wapigmi, wenyeji wa asili. Ni vizuri. Lakini sheria haiwezi kuja kukaa karibu na mtoto kwenye kiti. Wewe unaweza.

Tumeona sherehe nyingi za kuishi pamoja. Batwa wanaitwa wapige ngoma, wageni wanapiga picha, soda zinagawanywa. Kesho yake kila mtu anarudi mahali pake, na yule wa nyuma anabaki nyuma. Ngoma si mbaya, lakini peke yake haitoshi.

Tunawaomba mambo manne. Hayaombi hata franga moja.

Moja: kila mwezi, pigeni kura ya viti. Mtu asichague jirani kwa kabila.

Mbili: timu za mpira nazo zipangwe kwa kura. Mtoto wa kambini na mtoto wa muji wavae rangi moja.

Tatu: mwenzenu akikosa kwa sababu wazazi wake wamekwenda pori kutafuta viwavi, mumuandikie masomo yote aliyokosa. Akirudi asianze nyuma.

Ine: kwenye kamati ya klabu yenu, Mutwa, mkimbizi wa vita na mlemavu wawe na sauti ya kuamua, wavulana na wasichana. Wasiitwe tu siku ya picha.

Kwa viongozi wa jimbo, tunadai wazi: mtoto wa masomo ya msingi asirudishwe nyumbani juu ya makuta. Ukimfukuza mara tatu, mara ya ine hatarudi.

Yule kijana wa kalasi yetu, mpaka leo hatujui kama yuko hai. Tungemtafuta wiki ile ile, labda angebaki. Hatukumtafuta, na hiyo tunaibeba.

Ninyi bado muko na wakati. Kesho asubuhi mukiingia, angalieni nyuma ya kalasi. Nani anakaa peke yake? Chukua daftari yako, nenda ukae naye. Na siku asipokuja, ulizeni yuko wapi.