RADI, WAYA WA ANTENA NA MANENO YA UCHAWI
(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa kwa wale ambao hawakuhudhuria.)



Nitasema machache. Wote mnajua redio yangu iliungua masika yaliyopita. Radi ilipiga mwembe, haikupiga nyumba yangu, lakini redio ikatoa moshi. Nikakasirika, nikasema mbele za watu kwamba kuna mtu kanifanyia. Tangu hapo mzee mmoja jirani yangu anaepukwa hata kisimani. Ndugu zangu, nilikosea hadharani, na leo nasahihisha hadharani.

Kilichounguza redio ni waya wangu mwenyewe. Niliufunga juu ya mlingoti mrefu ili nipate stesheni za mbali. Radi haina haja ya kuugusa waya. Ikipiga karibu tu, umeme huzuka ndani ya waya mrefu ukaingia moja kwa moja redioni.

Uko na umeme mdogo. Ukivua shati la nailoni usiku wa kiangazi, unasikia tatata na kuona cheche. Huo ni umeme wa msuguano. Upepo wa vumbi ukipiga waya wa antena nao huleta umeme huo huo, redio ikakwaruza. Mtu huanza kuhisi cheche ikifika kama volti 3,000, lakini vipuri vingine huharibika hata chini ya volti 100. Maana yake waweza kuua redio kwa kidole na usijue.

Basi tufanye hivi:

1. Wingu likianza kutanda, chomoa waya wa antena, plagi ya umeme na waya wa sola. Radi ikishaanza, usiguse tena! Afadhali redio iungue kuliko mtu.

2. Zamisha fimbo ya shaba ardhini, nje ya nyumba. Ukishachomoa waya wa antena, ufunge hapo, umeme wa vumbi ushuke ardhini. Lakini fimbo hiyo haifukuzi radi, tusidanganyane.

3. Kabla ya kufungua redio, chomoa umeme, kisha shika chuma kilichozama ardhini, ndipo uguse vipuri. Televisheni ya zamani ya kioo kinene usiifungue kabisa. Hukaa na umeme hata ikichomolewa.

4. Ukisikia ngurumo, ingia ndani, kaa mbali na waya. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mimi nilijua kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo. Haya niliyasoma baada ya hasara. Ningeyasoma kabla, redio ingekuwepo na jirani asingeumia.

Jumapili nakwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Mwenyekiti amekubali kunisindikiza. Na wale mlionifuata kwa maneno yale, njooni pia.



Katibu wa Chama