Uraia wa Jirani Yetu: Maneno kwa Viongozi wa Jumuiya Ndogondogo



Ndugu wapendwa, tumeombwa tuseme juu ya uraia, nasi tumekubali, kwa kuwa katika Kibondo na Kasulu jambo hili limo ndani ya nyumba zetu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na watu walioana tangu kabla ya wakoloni kuchora mpaka. Wengi walikimbilia kwetu mwaka 1972, wengine baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Waliojitafutia mashamba vijijini walilima nasi na kuzika nasi. Kisha mwaka 1997 askari walipita vijijini wakiwakusanya na kuwapeleka kambini, na nyumba nyingine ziligawanyika, mume akabaki huku na mke kule.

Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995 yataka hivi. Mgeni anayeomba uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, awe mtu mzima aliyeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi lake, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe ameishi humu jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema na mchango kwa taifa, na akusudie kuendelea kukaa hapa. Uraia wake wa kwanza aukane. Waziri akimkataa halazimiki kutaja sababu.

Kiswahili hakitusumbui. Kinachosumbua ni kuithibitisha ile miaka 7, maana aliyeishi kwa jembe hana karatasi. Daftari la ubatizo halimfanyi mtu raia, lakini laonyesha kwamba mwaka fulani alikuwapo hapa. Makatibu wa parokia wayatunze madaftari hayo, wala asitokee mtu wa kubadili tarehe kwa huruma. Tarehe moja ya uongo itawanyima imani wote walioandikwa humo.

Tusiendelee kudanganyana kwamba Warundi wote wa 1972 walikwisha kupewa uraia. Zaidi ya 160,000 waliokubaliwa, ambao wengi wao walipokea hati zao kuanzia mwaka 2014, walikuwa wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliojikalia vijijini Kigoma hawakuwamo katika mpango ule.

Sasa tuseme juu ya wake zetu na mama zetu, maana hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia anayo njia yake mwenyewe: aweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Lakini sheria yasema aombe mume akiwa hai. Mume akifa, mlango huo umefungwa. Nasi tunajua tabia yetu ya kuahirisha: mahari ilitolewa, wazee walikaa, watoto wamekuwa wakubwa, cheti cha nini? Kumbe ofisi huuliza cheti. Tumeketi katika matanga ambamo mama aliyeitwa shemeji kwa miaka 20 aliitwa Mrundi kabla majivu hayajapoa, kwa sababu ya shamba la migomba. Na asiye raia, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo mashemeji hao wana pa kushikia.

Mwanamume mgeni aliyemwoa binti yetu hana njia hiyo. Atafuata ile ndefu. Sheria hapa yampima binti yetu kwa kibaba kingine, nasi hatuoni haki ndani yake.

Basi kila kiongozi wa jumuiya azijue nyumba zake. Mahali ambapo mume yu hai na mke ni mgeni, wasio na cheti cha ndoa waje parokiani kwanza, kisha waende ofisi ya uhamiaji wakiwa wote wawili. Tuanze na nyumba ambazo mzee ni mgonjwa.